Mbao mbichi haiimbi: neno kwa vijana wanaotaka kupanda mpingo

Leo naweka pembeni parachichi na nyanya, nazungumzia mti. Kila kikundi ninachotembelea msimu huu, kuanzia chini kule Mabogini mpaka juu Kibosho, kuna kijana ananivuta pembeni na kuuliza: "Bwana shamba, hivi mpingo unalipa kweli?" Ukimdadisi kidogo unakuta kuna mtu amepita akiuza miche. Amewaambia mpingo huko nje unagombaniwa, wapande eka nzima, baada ya miaka 15 wakae mkao wa kula.

Jibu langu ni kwamba mpingo unalipa, lakini anayelipa pesa nyingi halipii mti. Analipia sauti itakayotoka kwenye ile mbao. Na sauti haitoki kwenye mbao mbichi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaobisha: kikundi cha vijana kinachotaka kuingia kwenye biashara ya mbao za thamani kianze na banda la kukaushia na kipima unyevu, kabla ya kununua mashine ya kukereza na kabla ya kununua mche wa 100.

Miaka 15 ni hesabu ya muuza miche

Tuanze na ukweli wa shambani. Mpingo ni mti unaokua polepole sana. Kufikia unene wa kuvunwa kwa ajili ya ala za muziki unahitaji miaka 70 na kuendelea, tena mara nyingi karibu na 100. Ukiwa na umri wa miaka 25 leo, mpingo utakaopanda mwezi huu atauvuna mjukuu wako. Katika miaka 15 utakuwa na kijiti chenye miiba na mashina mengi, na ndani yake ile mbao nyeusi inayotafutwa ni kidogo mno. Sehemu ya nje ya shina ni ya rangi ya manjano iliyofifia, na hiyo mtengenezaji wa ala haihitaji.

Pia sio mti wa kila mahali. Mpingo unapenda joto na nchi kavu, kwa hiyo kwetu unafaa sehemu za tambarare za chini. Juu kwenye vihamba vya kahawa na migomba usiupeleke, utaudhulumu. Kule juu tuna mringaringa, ambao kivuli chake ni rafiki wa kahawa na mbao yake ni nzuri kwa samani, mizinga na ngoma.

Sisemi msipande. Mpingo ni jamii ya mikunde, unarutubisha udongo, na kwenye mpaka wa shamba haukudai kitu zaidi ya kulindwa na moto na mbuzi miaka ya mwanzo na kupunguziwa mashina libaki moja lililonyooka. Hapa kwetu tuna historia nzuri ya jambo hili. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, pamoja na mkereza mbao wa Marekani James Harris, walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuhifadhi mpingo ulioacha miche mingi katika shule na vikundi vya mkoa huu. Chuwa alifariki mwaka 2014. Miti iliyopandwa wakati ule bado ni vijana tu, na watu wale walipanda wakijua hivyo. Panda kwa roho hiyo, kwenye mpaka. Eka yako ya biashara iachie mazao yanayolipa ada ya shule mwaka huu.

Mbao inayoongea

Sasa kwa nini mpingo? Kwa sababu ni mzito na umeshikamana. Kipande chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa kilo 1.2 hivi, ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama. Nyuzi zake ni laini, una mafuta yake ya asili, unakubali kutobolewa tundu safi lisilo na manyoya, na ukishakauka vizuri hauchezi sana na unyevu wa pumzi ya mpigaji. Ndiyo maana klarineti, oboe na zumari za mfuko za Waskoti hutengenezwa kwa mti huu. Na gogo likifika kiwandani, mafundo, mashimo na mbao ya nje vikiondolewa, kinachobaki kufaa kwa ala ni kidogo sana, mara nyingi asilimia 10 au pungufu ya gogo.

Lakini mbao inayoongea sio mpingo peke yake. Niwape mfano utakaowachekesha wafugaji wa bata mzinga. Marekani, ambako bata mzinga wapo porini, wawindaji huwaita kwa kisanduku cha mbao. Mtu wa mji wa Dardanelle, jimbo la Arkansas, anayeitwa Henry Gibson, alipata hataza ya kisanduku cha namna hiyo mwaka 1897, na mpaka leo kuna mafundi wanaotengeneza kwa mkono mmoja mmoja. Kisanduku ni chembamba na kirefu, juu yake kuna kifuniko chenye mpini, kimeshikwa na skrubu moja upande mmoja. Kifuniko kinapakwa chaki, kisha kinaburutwa juu ya ukingo wa kisanduku. Mbao inakwaruzana na mbao, ubavu mwembamba unatetemeka, na sauti inayotoka ni ya jike la bata mzinga. Dume akisikia anakuja mwenyewe.

Ukikitazama utasema hiki hata fundi wa vitanda anatengeneza asubuhi moja. Kukitengeneza ndiyo, anaweza. Kukifanya kiongee ndipo kazi ilipo. Ubavu ukiwa mnene kidogo sauti inakuwa nzito kama unagonga meza. Ukiupunguza kupita kiasi inakuwa kali na nyembamba, jogoo mwenyewe angekimbia. Ukikaza skrubu sana kifuniko kinakaba, ukiilegeza kinapwaya. Na kikinyeshewa mvua kinanyamaza kabisa mpaka kikauke. Fundi anapitisha msasa mara mbili, anasikiliza, anapitisha mara moja, anasikiliza tena. Kilichoondolewa na msasa hakirudi.

Sizungumzii kisanduku hiki ili mkatengeneze mkawauzie watu wa Arkansas. Nakizungumzia kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo biashara yetu ya vinyago imelificha miaka mingi.

Kinyago kinaficha, sauti haifichi

Ukichonga tembo kwa mbao mbichi, ukampaka rangi ya viatu na kumuuzia mtalii anayeshuka Kilimanjaro, siku hiyo kila mtu anafurahi. Ufa unatokea miezi mitatu baadaye, kwenye kabati la mtu Ulaya, wewe haupo. Hukusikia lawama, lakini mteja huyo harudi na jirani yake hanunui.

Kitu cha kutoa sauti hakikupi nafasi hiyo. Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi kimoja alipata kipande cha mpingo kutoka kwenye mti ulioangushwa kwa kibali, akachonga filimbi tatu wiki ile ile. Zilitoa sauti nzuri. Akapiga picha, akaziweka mtandaoni, akapata oda. Kabla mteja hajalipa, filimbi mbili zilikuwa na ufa kuanzia mdomoni, na ya tatu sauti yake ilikuwa imehama. Kijana aliniambia tundu limeharibika lenyewe.

Halikuharibika lenyewe. Mbao ikikauka haisinyai sawasawa kila upande. Kufuata mzunguko wa zile pete za shina, inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka nje kwenda katikati. Kwa hiyo tundu ulilotoboa duara kwenye mbao mbichi likikauka linakuwa na umbo la yai. Na gogo zima lisilopasuliwa, lenye ile nukta ya katikati, lazima lipasuke mahali fulani, maana nje linataka kupungua na ndani linakataa. Hakuna dawa ya kienyeji wala rangi ya kuzuia hilo.

Tayari mnajua kukausha

Hapa ndipo huwa nashangaa. Vijana wa mkoa huu ni mabingwa wa kukausha. Kahawa ya maganda hauiweki kwenye gunia mpaka ifike unyevu wa asilimia 11 hivi. Mahindi hauyaingizi ghalani yakiwa juu ya asilimia 13 au 14, unaogopa sumukuvu. Mnajua kugeuza, kufunika saa za jua kali, kuinua kwenye meza hewa ipite chini. Lakini mtu huyo huyo akishika mbao anasahau yote, anaipiga jua la barazani siku nne na kusema imekauka.

Kanuni ni zile zile, muda tu ndio tofauti. Nawapa hatua kama tunavyofanya kwenye mafunzo:

Kwanza, siku ile ile mti ulipokatwa, paka miisho ya magogo nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta kama nta haipo. Maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi kwenye miisho kuliko ubavuni, na nyufa nyingi huanzia hapo. Kusubiri mpaka kesho ni kuchelewa.

Pili, pasua gogo mapema upate vipande vya robo, na ile nukta ya katikati iondoke kabisa. Acha vipande viwe vinene kuliko kifaa unachotaka, kwa sababu vitapungua na vingine vitapinda.

Tatu, panga kwenye banda lenye paa na hewa, sio juani. Weka vijiti vya unene sawa kati ya safu na safu, vikae mstari mmoja kutoka chini mpaka juu. Andika tarehe kwenye kila kipande.

Nne, pima. Kipima unyevu cha mbao kinafanana na kile cha nafaka, ila kina sindano mbili. Kama hamna, tumieni mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye tanuri la joto la nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka, kipime tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 650 kikibaki gramu 500, mbao yako ina unyevu wa asilimia 30. Hapo ndipo kusinyaa kunapoanza, sio kunapoisha.

Tano, subiri. Kwa mbao ngumu mafundi wengi wanahesabu mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mpingo haupendi haraka, na ukiulazimisha kwa joto unapasuka kama mhogo.

Jambo jingine la kujua ni mteja anaishi wapi. Mbao iliyokaushwa kwa hewa ya kwetu inatulia kwenye asilimia 12 hivi, na kwa matumizi ya Moshi inatosha. Lakini nyumba ya Chicago wakati wa baridi, moto wa ndani ukiwashwa, inaivuta mpaka asilimia 6 au 8. Maana yake kitu ulichokiona kimetulia hapa kitasinyaa tena huko. Anayetaka soko la nje lazima ashuke chini zaidi, na hapo unahitaji tanuri la kukaushia mbao na mtu anayelijua. Bahati nzuri Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kipo hapa hapa Moshi, na kazi yake ni kufundisha upasuaji, ukaushaji na utunzaji wa mbao. Wapo vijana wanaopita getini kila siku na hawajawahi kuingia kuuliza.

Kulinganisha sauti ni kupunguza

Tuseme mbao imekauka. Bado kuna somo la kulinganisha sauti, au kutyuni kama mnavyosema, na somo hili linaogopesha kidogo kwa sababu lina njia moja tu ya kwenda.

Chukua filimbi ya bomba lililozibwa upande mmoja, lenye urefu wa ndani wa sentimita 17. Itatoa sauti yenye mitetemo 500 hivi kwa sekunde. Fupisha bomba sentimita moja tu, sauti inapanda mpaka 535 hivi. Wanakwaya wanaelewa: hiyo ni karibu nusu hatua, kama kutoka funguo nyeupe ya kinanda kwenda nyeusi iliyo jirani yake. Sentimita moja! Kwa hiyo fundi anakata bomba refu kuliko hesabu, analinganisha na kinanda au programu ya simu ya kupima sauti, anapunguza kwa tupa milimita moja moja. Akipitiliza, kipande kilichosubiri miaka miwili bandani kinakuwa kishikio cha funguo.

Ndiyo maana nasema mjifunzie kwenye mbao za bei rahisi. Mabaki ya saipresi na paini kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai yanapatikana, na hata vipande vya mringaringa na mgrevilea viko kwa kila fundi. Haribuni filimbi 50 za mgrevilea kabla hamjagusa mpingo. Mafundi wa visanduku vya bata mzinga nao hutumia mbao za wastani kama mwerezi na mahogani. Kwa kifaa kile mbao ya wastani iliyokauka vizuri inatosha kabisa.

"Hatuna mtaji wa kungoja"

Hoja hii naisikia kila nikisema haya, na ni hoja ya haki. Kijana ana mkopo wa kikundi, marejesho ni kila mwezi, mbao iliyolala bandani miaka miwili hailipi marejesho. Naelewa. Lakini tazama nani anangoja kwa sasa. Wewe unauza kipande kibichi leo kwa bei ya kuni au zaidi kidogo. Anayekinunua anakipaka nta, anakiweka bandani, anakwenda kulala. Miaka miwili baadaye anauza kwa bei ambayo hukuwahi kuisikia. Tofauti ya bei ile sehemu kubwa ni malipo ya kungoja na kupima, na vyote viwili unaviweza kwa sababu unavifanya kwenye kahawa.

Kwa hiyo usikope kwa ajili ya mbao. Fanya kama babu zetu walivyofanya kwenye kihamba, ambako ndizi inalisha nyumba na kahawa inasubiri msimu wake. Nyanya na kuku viendeshe marejesho. Kila mti unaokatwa kijijini kwa kibali, kikundi kiokoe vipande vinavyofaa ambavyo vingekwenda kwenye mkaa, kivipake nta na kuviweka bandani. Mwaka wa kwanza hakuna pesa, wa pili kidogo. Mwaka wa tatu mna akiba ambayo mchongaji yeyote wa mjini atapanda boda kuifuata.

Na sheria ipo

Msije mkanilaumu baadaye. Kukata na kusafirisha mpingo bila kibali ni kosa, hata kama umeota kwako. Anzia serikali ya kijiji, kisha ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa soko la nje kuna mkataba wa kimataifa wa CITES. Jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye orodha yake mwaka 2017, kwa hiyo magogo na mbao zilizopasuliwa zinahitaji vibali vyake. Ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019. Ona hapo jinsi sheria yenyewe inavyompendelea aliyekamilisha kazi kuliko anayeuza gogo.

Wenzetu wa Kilwa wameshaonyesha kwamba utaratibu unalipa. Misitu ya vijiji kule ilipata cheti cha FSC mwaka 2009, na vijiji vinauza mpingo wao kihalali na kupanga wenyewe matumizi ya mapato. Walitangulia kuweka utaratibu, bei nzuri ikaja nyuma yake.

Cha kufanya mwezi huu

Kabla mvua hazijaanza, kikundi kikutane na kutenga mahali pa banda: mita tatu kwa nne, paa, kuta wazi, sakafu imeinuliwa. Changeni mnunue kipima unyevu kimoja cha wote. Wawili waende FITI wakaulize mafunzo mafupi ya ukaushaji. Panda mpingo 20 mpakani kwa ajili ya wajukuu, ukiwa sehemu za chini, na mringaringa ukiwa juu. Na yule muuza miche wa miaka 15 akipita tena, muulize swali moja tu: mpingo wake wa kwanza aliuvuna mwaka gani, na ulitoa sauti gani?

Mwenye swali kuhusu banda aniletee vipimo vya eneo lake, tutachora pamoja. Kazi njema, tuonane shambani.